Mtoto wa mbwa au paka anapoingia nyumbani: chanjo, minyoo na wiki kumi na sita za kwanza

Mama mmoja wa Tabata aliniletea mtoto wa mbwa wa miezi mitatu akiwa amemviringisha ndani ya khanga, na kabla hajakaa alinyoosha mkono wenye kadi, akasema, "Daktari, huyu ameshachanjwa." Kadi ilikuwa na mstari mmoja tu. Mbwa alichomwa sindano moja akiwa na wiki sita, na aliyemuuza akamhakikishia mama kwamba kazi imekwisha. Khanga ilikuwa imelowa kuharisha kwa damu, na harufu yake ni ile ambayo kila anayetibu wanyama huitambua kabla ya kugusa mgonjwa. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoushambulia utumbo wa mbwa. Tulimtundikia dripu, mama akalala kwenye benchi usiku wa kwanza, na siku ya tatu mbwa akafa. Nayaandika haya kwa sababu yake na kwa sababu ya wengine wengi ambao kadi zao zina mstari mmoja.

Ili uelewe kwa nini sindano moja haitoshi, ni lazima uanze na maziwa ya mama. Mtoto wa mbwa au wa paka huzaliwa karibu bila kinga yoyote, na kinga yake ya kwanza huipata kwenye dang'a, yaani yale maziwa mazito ambayo mama huyatoa mara tu baada ya kuzaa, na ambayo utumbo wa mtoto huweza kuyanyonya pamoja na kinga yake ndani ya saa 24 za kwanza tu. Kinga hiyo ni ya kuazima, nayo hupungua siku hadi siku. Sasa chanjo za parvo na za distempa, ugonjwa mwingine wa virusi nitakaoueleza mbele, ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na vikiingia mwilini wakati kinga ya mama bado ina nguvu, kinga hiyo huvimaliza kabla mwili wa mtoto haujapata nafasi ya kujifunza kujitengenezea kinga yake. Sindano imechomwa, kadi imeandikwa, lakini mwili haujapata kitu.

Kuna watoto ambao kinga ya mama huwaishia wiki ya nane, wengine wiki ya kumi na mbili, na wachache huwa nayo hata wiki ya kumi na sita, na huwezi kujua kwa kumtazama mnyama ni yupi. Kibaya zaidi, katikati hapo kuna siku kadhaa ambazo kinga iliyobaki ni ndogo mno kuuzuia ugonjwa lakini bado inatosha kuiharibu chanjo. Ndiyo maana sindano hurudiwa: si kwamba ya kwanza inaongezewa nguvu na ya pili, bali tunatafuta ile moja itakayokuta mlango umefunguka. Na kwa kuwa ya mwisho ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuukuta mlango huo wazi, mfugaji anayeacha katikati amelipia zile zenye nafasi ndogo na kuiacha ile iliyokuwa muhimu kuliko zote.

Ratiba ya mtoto wa mbwa

Sindano ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita ifike au ipite. Ukimchukua mtoto wa wiki nane, ratiba yako ni wiki ya 8, ya 12 na ya 16. Iandike kwenye kalenda ya ukutani siku hiyo hiyo unapomleta, kwa wino na si kichwani, kwa sababu wiki nne za Dar es Salaam hupita upesi kuliko unavyodhani. Baada ya hapo kuna sindano ya nyongeza, ambayo hutolewa akiwa na miezi sita au anapotimiza mwaka mmoja, na kuanzia hapo zile chanjo za msingi za virusi hai huweza kukaa hadi miaka mitatu. Mbwa anayefika mikononi mwako akiwa ameshapita wiki kumi na sita, na huna kadi yake wala historia yake, huanza upya kwa sindano mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne.

Chupa moja ya chanjo hii hubeba kinga ya magonjwa kadhaa. Parvo nimeshaitaja. Homa ya ini ya mbwa imo humo humo. Distempa ni ndugu wa virusi vya surua, huanza kwa makamasi na tongotongo zito kama mafua ya kawaida, kisha huingia kwenye ubongo na kumletea mbwa degedege ambalo wengi hulichukulia kuwa sumu au uchawi. Mtu akiniambia kwamba haya ni magonjwa ya mbwa wa kizungu, humkumbusha kwamba mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile. Virusi vilivyomwangusha simba havitamheshimu mbwa wa kienyeji wa Mbagala.

Kwa mji wetu naiongeza chanjo moja ambayo wengine huiona ya hiari, nayo ni ya leptospira, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipolipuka mkoani Lindi Julai 2022. Vimelea vyake hukaa kwenye mkojo wa panya, na maji yaliyotuama huvisambaza. Anayekaa Jangwani, Msasani Bonde la Mpunga au popote ambapo mvua za masika huingiza maji uani hahitaji maelezo zaidi. Hutolewa mara mbili kwa kupishana wiki mbili hadi nne, kuanzia wiki ya nane, na hurudiwa kila mwaka, kwa sababu kinga yake haidumu kama ya parvo. Kwa kuwa ugonjwa huo humwambukiza pia binadamu, hapa unamkinga pia mtoto wako anayecheza uani na mbwa.

Kichaa cha mbwa

Chanjo hii ni ya peke yake na inastahili kusimama peke yake. Kwa kawaida hutolewa mnyama akiwa na wiki kumi na mbili, hurudiwa anapotimiza mwaka, na hapa kwetu madaktari wengi huendelea kuirudia kila mwaka. Inawahusu mbwa na paka sawasawa, ingawa jina la ugonjwa limewafanya watu wamsahau paka kabisa. Paka anayezurura usiku juu ya mabati na kupigana na wenzake anaweza kuupata na kuuingiza ndani, tena yeye ndiye anayelala na watoto kitandani.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba. Kwa hiyo halmashauri yako, iwe ya Jiji (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, inapotangaza siku ya kuchanja mbwa katika kata yenu, jambo ambalo mara nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mpeleke mbwa na mpeleke paka. Ukiwa na mtoto wa mbwa au wa paka ambaye hajafika miezi mitatu, usimwache nyumbani kwa kudhani ni mdogo mno, kwani chanjo hii hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa na haitamdhuru. Achanjwe siku hiyo, kisha arudiwe baada ya kupita wiki ya kumi na mbili.

Na mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama usiyemjua, hata akiwa mtoto wa mbwa anayeonekana mzima, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo aanzishiwe sindano za kinga. Pilipili, mafuta ya taa na jiwe la kunyonya sumu havina kazi hapo, navyo hula muda ambao mgonjwa hana.

Mtoto wa paka

Mtoto wa paka asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Chanjo yake ya msingi hukinga magonjwa matatu, yaani panleukopenia, ambayo ni parvo ya paka na huua kwa kasi ile ile, na virusi viwili vya mafua ya paka, vile vinavyowaacha watoto wengi wa mitaani na macho yaliyogandamana na usaha. Ratiba inafanana na ya mbwa: wiki ya 8, ya 12 na ya 16, kisha nyongeza. Niseme wazi kwamba chanjo ya mafua haizuii kila maambukizi, ila humpunguzia mnyama ukali wa ugonjwa, kwa hiyo usimlaumu daktari ukiona paka aliyechanjwa anapiga chafya.

Kumbeba paka ndani ya daladala au bajaji akiwa mikononi ni kumtafuta barabarani baadaye. Mtie ndani ya kapu lenye kifuniko au boksi lililotobolewa matundu, chini umtandikie khanga iliyovaliwa nyumbani ili apate harufu anayoijua. Ukifika, khanga hiyo hiyo itamfaa daktari kumviringisha, kichwa kikiwa nje, miguu yote minne ikiwa ndani.

Siku ya sindano

Nenda kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na usione haya kuuliza, kwa kuwa usajili huo ni matakwa ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mnyama apimwe kwanza. Joto la kawaida la mbwa na paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo pua au masikio ya moto mkononi mwako bado si homa, ila kipimajoto kikizidi hapo, au mnyama akiwa anaharisha au hali chakula, chanjo iahirishwe mpaka apone.

Kisha omba kuiona chupa. Ikiwa ni chanjo ya mseto, yaani ile ya magonjwa kadhaa kwa pamoja, utaonyeshwa vichupa viwili: kimoja kina kitonge kikavu cheupe kilichogandia chini, kingine kina kimiminika. Daktari atavuta kimiminika kwa bomba la sindano, atakiingiza kwenye kichupa chenye kitonge, atakizungusha taratibu, na ndani ya sekunde chache kitonge chote kitakuwa kimeyeyuka. Kilichochanganywa kitumike papo hapo. Kwenye ubavu wa kichupa kuna karatasi ndogo ya kubandua yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na karatasi hiyo ndiyo inayobandikwa kwenye kadi, karibu na saini, mhuri na tarehe ya kurudi. Kadi iliyoandikwa "amechanjwa" kwa kalamu tu, bila karatasi hiyo, haikuambii amechanjwa nini wala lini dawa ile iliisha muda wake.

Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwenye ngozi ya mnyama. Katika mji ambao mwezi Februari kivuli chenyewe kina joto na umeme unaweza kukatika mchana kutwa, una haki ya kuuliza friji inalindwa vipi. Atakayekufuata nyumbani kwa bodaboda akitoa kichupa mfukoni au kwenye begi lisilo na barafu, mshukuru na umrudishe, kwa sababu chanjo iliyopashwa moto haibadiliki rangi wala harufu na hutajua imekufa mpaka mbwa augue. Barafu nayo isiguse chupa, kwani chanjo ya kichaa ikiganda huharibika vilevile.

Ombi moja ninaloletewa kila wiki ni la kugawa kichupa kimoja kwa watoto wawili "kwa kuwa ni wadogo". Haigawanywi. Dozi ya chanjo haifuati uzito kama dawa nyingine. Mtoto wa kilo moja na mbwa wa kilo hamsini hupewa kiasi kile kile, maana kinachohitajika ni idadi ya virusi vya kutosha kuuamsha mwili.

Baada ya sindano kaa hapo kituoni nusu saa. Kulala sana, kupungukiwa hamu ya kula au kuvimba kidogo pale penye sindano kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Uso kuvimba, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida si kawaida, na hapo anahitaji sindano ya kumwokoa bila kuchelewa, ndiyo sababu ya kungoja.

Minyoo, kupe na dawa zinazoua

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa tayari na minyoo, kwa kuwa mabuu ya minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama kwenda tumboni kwa mtoto kabla hajazaliwa, na minyoo ya safura humfuata kwenye maziwa. Kwa hiyo usisubiri kuiona. Dawa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mtoto wa paka, ambaye minyoo humpata kwa maziwa tu, huanza wiki ya tatu. Dozi hupimwa kwa uzito: panda mizani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa tofauti, na upeleke namba hiyo kwa daktari au kwenye duka la dawa za mifugo badala ya kuonyesha ukubwa wake kwa mikono. Kinyesi kizolewe kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji wiki mbili hivi ardhini kabla ya kuweza kuambukiza, na anayezoa kila siku huyawahi kabla hayajamfikia mtoto anayecheza mchangani.

Kupe wa mbwa hupanda kuta na kujificha kwenye nyufa, hivyo mbwa wa uani mwenye ukuta mzuri hajasalimika. Huleta homa ya kupe, na dalili yake moja utaiona kwenye fizi: zinazopaswa kuwa za pinki zinakuwa nyeupe kama karatasi. Jizoeze kumfunua mdomo kila Jumapili. Kupe mng'oe kwa kibanio, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Mafuta ya taa, ambayo bado nayaona yakipakwa watoto wa mbwa, huchoma ngozi na huingia kwenye mapafu mnyama akijilamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ni ya ng'ombe, na ukimwogeshea mtoto kwa kukadiria maji kwa kopo utamuua.

Kwa paka nasema kwa msisitizo zaidi. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humuua paka, hata kwa kulala na mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita. Paracetamoli nayo humuua, na kidonge kimoja kinatosha, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunja. Nimepokea paka waliopewa dawa hiyo kwa upendo kabisa, wakiwa na fizi za rangi ya udongo.

Kumtoa nje

Mpaka sindano za mwisho zikamilike, mtoto wa mbwa asikanyage mahali ambapo mbwa wengine hupita, iwe ufukweni, jalalani au kwenye majani ya kando ya barabara. Hata hivyo asifungiwe kabisa, kwa kuwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ndipo anapojifunza dunia. Mbebe mikononi akaone bajaji, asikie adhana na muziki wa jirani, ashikwe na watoto na wazee. Anachokatazwa ni ardhi tu.

Akitapika zaidi ya mara mbili, akiharisha damu au akikataa kula siku nzima, usimjaribie maji ya dafu wala maziwa ya ng'ombe. Mpeleke siku hiyo, kwani mtoto wa parvo hufa kwa kukaukiwa maji, na kinachomwokoa ni dripu iliyowahi.

Mama wa Tabata alirudi baada ya wiki mbili akitaka mbwa mwingine, na ilibidi nimzuie. Virusi vya parvo hukaa kwenye mazingira kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni haviijui. Alichoma matandiko, akasugua sakafu ya saruji kwa sabuni, kisha akamwagia dawa ya klorini, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, akaiacha dakika kumi kabla ya kusuuza. Udongo wa uani hautakasiki namna hiyo, kwa hiyo tukauachia jua na muda. Mbwa mpya akalelewa kwa dada yake Kimara, ambako hapajawahi kuwa na mbwa, akachanjwa wiki ya 8, ya 12 na ya 16, na alipotimiza wiki kumi na nane akaletwa Tabata kwa bajaji na kushushwa uani kwa mara ya kwanza. Kadi yake ina karatasi nne zilizobanduliwa kwenye vichupa, tatu za mseto na moja ya kichaa.